Naomba ushauri: kusomea uamuzi wa migogoro ya ujenzi nikiwa Nairobi

Hamjambo wanajamvi. Mimi ni mkadiriaji majenzi, mwaka wa tisa kazini. Juzi kontrakta mmoja alinionyesha cheti cha malipo kilichokaa miezi saba bila kulipwa, kona zimechakaa kwa kukunjwakunjwa. Hapo ndipo nilipoamua kusomea uamuzi wa migogoro ya ujenzi (adjudication), yaani mtu huru anayeamua mgogoro haraka nje ya mahakama. Uingereza, sheria ya 1996 humpa mwamuzi siku 28 za kutoa uamuzi tangu apelekewe mgogoro. Huku kwetu tunategemea kilichoandikwa kwenye mkataba. Nimemuuliza wakili, akanielekeza kwenye upatanishi, ambapo pande mbili husaidiwa kuelewana zenyewe, kitu tofauti kabisa! Nimeona pia kozi za CIArb, taasisi ya Uingereza ya wasuluhishi wa migogoro, wenye tawi hapa Nairobi.

Je, asiye wakili aanzie ngazi gani? Na cheti cha sheria ya Uingereza kitanipa kazi huku, au nitakuwa nimelipia pambo la ukutani?