Prado ya dizeli au ya petroli kwa njia za Pemba?

Mchambua_Makonyo (Wete)

Assalaam alaykum jamani. Nataka kuagiza gari kutoka Japani na kichwa kinaniuma.

Mie ni mwalimu wa skuli hapa Wete, lakini kinachonitia kwenye gari ni shamba la karafuu alilotuachia marehemu baba upande wa Mtambwe. Msimu ukifika, karafuu mbichi lazima zitoke shamba siku hiyo hiyo zije nyumbani kuchambuliwa. Zikilala kwenye gunia zinapata moto na ubora unakwenda zake. Njia yenyewe ni udongo mwekundu mtupu: inashuka bondeni, inakatisha kwenye mpunga, halafu inapanda mlima. Jua likiwaka hata pikipiki inapita. Ikinyesha, wenye gari za kukodi wanakutajia bei ya kukufukuza.

Nje ya msimu kazi zangu ni ndogo. Skuli asubuhi, sokoni, kumpeleka bi mkubwa Chake kwa daktari, harusi na maziko.

Nimeona Prado mbili. Moja ya 2013, petroli, mashine ya lita 2.7. Nyengine ya 2016, dizeli, 2.8, na bei yake imeiacha ile ya kwanza kwa mamilioni. Shemeji yangu aliyeko Dar anashikilia kwamba gari ya porini isiyokuwa ya dizeli ni pambo. Sibishani naye, kwa sababu yeye hapandi mlima wa Mtambwe. Nauliza nyie mnaopanda: hiyo dizeli itanilipa, au nanunua jina?

Na tafadhali msinambie ninunue pikapu. Bi mkubwa anaumwa na magoti, na nikimpandisha pikapu nitayasikia mpaka Idi.

---

Maweni_4x4 (Makunduchi)

Waalaykum salaam. Dizeli, dada, na wala usiulize tena. Mie nina Land Cruiser ya zamani ya mashine ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina tabo wala kompyuta ya kukuwashia taa za rangi. Huku kwetu ni mawe ya matumbawe, ukienda kasi unaacha tairi njiani, kwa hiyo unataka mashine inayovuta hata ikiwa inazunguka polepole. Petroli mpaka uikanyage ndipo iamke. Tena dizeli haina plagi wala koili za kuingia maji. Msikilize shemeji yako.

---

Fundi_Nozeli (Chake Chake)

Dada yangu wa Wete, subiri kwanza usitume pesa.

Ndugu yetu wa Makunduchi kasema kweli kuhusu gari yake. Ila 1HZ yake na hiyo Prado ya 2016 zinafanana kwa kutiwa dizeli tu. Mie mkate wangu unatoka kwenye pampu na nozeli, kwa hiyo ningekuwa natazama tumbo langu ningekwambia chukua dizeli haraka, tena uje gereji kwangu.

1HZ ina pampu ya kimekaniki. Nozeli yake inafunguka kwa mgandamizo wa kama baa 150, na ikitiwa dizeli yenye uchafu kidogo itakohoa, itatoa moshi, itakufikisha. Mashine ya Prado ya 2016 inaitwa 1GD. Ndani yake dizeli inasukumwa kwa mgandamizo unaopita baa 2,000, na injekta zinaamrishwa na kompyuta. Tundu za injekta hizo ni ndogo mno. Tone la maji au mchanga wa kwenye dumu lililokuwa na mafuta ya kupikia, basi umeshaziua. Na injekta hazifi moja, zinafuatana. Nimeshaletewa gari ya namna hiyo iliyotiwa dizeli ya dumu shamba kwa sababu mwenyewe aliogopa kuishiwa njiani. Bei ya injekta ilipotajwa, mtu mzima alikaa chini kwenye tairi.

Hilo ni la kwanza, na dawa yake ipo: tia mafuta kituo kimoja chenye wateja wengi, badilisha chujio mapema, fungua kikombe cha maji chini ya chujio ukimwage. La pili ndilo linalonitisha kwako.

Prado za dizeli zilizouzwa Japani kuanzia 2015 zina chujio la masizi kwenye njia ya moshi. Masizi yanajikusanya humo, halafu kila baada ya muda kompyuta inayachoma kwa kuongeza dizeli ili moshi uwe moto sana. Kazi hiyo inataka gari iwe kwenye mwendo, mashine imeshapata moto sawasawa, isizimwe katikati. Sasa angalia safari zako ulizozitaja. Nyumbani mpaka skuli, skuli mpaka sokoni. Mashine haijapata moto, umeshafika, umezima. Masizi hayachomeki. Kompyuta inajaribu tena kesho, nawe unazima tena, na ile dizeli ya ziada nyengine inaweza kupita kwenye ringi za pistoni ikaingia kwenye oili. Ukivuta kijiti unaona oili imepanda, unafurahi kuwa gari haili oili. Kumbe ni dizeli imo humo, na oili imekuwa nyepesi haishiki tena.

Juu ya hayo, Prado hizo za Japani zina tangi dogo la maji ya yurea ya kusafisha moshi. Yakikwisha na ukazima gari, kompyuta inakataa kuwasha. Kabla hujaagiza, pita maduka ya spea Chake na Wete, uliza nani anayaweka mwaka mzima. Wapo watakaokwambia tunakata kila kitu, tunaidanganya kompyuta. Mie kazi hiyo siifanyi. Gari ya mamilioni yote hayo unaanza kwa kuikata mkia?

Kuhusu nguvu, shemeji yako hakusema uongo. Kwa karatasi, dizeli hiyo ina torki, yaani nguvu ya kuvuta, ya Nm 450 kuanzia mizunguko 1,600 tu kwa dakika. Petroli 2.7 ina 246, tena mpaka mizunguko ikaribie 4,000. Kwenye mlima wenye utelezi, dizeli inapanda kwa utulivu, na tairi hazizunguki ovyo. Lakini watu wanasahau ile gia ndogo, 4L. Kwenye Prado inazidisha mvuto zaidi ya mara mbili na nusu. Petroli ikiwa 4L, gia ya kwanza, magunia nyuma, mlima wa Mtambwe inaupanda. Itapiga kelele kidogo, ndiyo.

Kama ungekuwa unakwenda Mkoani na kurudi kila siku, au unavuta trela la boti, ningekwambia dizeli na ningekufundisha kuitunza. Kwa skuli na soko, petroli.

---

Mchambua_Makonyo

Fundi, shukran sana. Kwa hiyo ile ya dizeli ningelazimika kuifungia safari mpaka Mkoani ili masizi yaungue? Yaani ninunue gari halafu niitafutie pa kwenda?

Suali langu jengine ni mafuta. Kila mtu ananambia dizeli inakula kidogo na mwisho wa mwaka nitaona faida. Kisiwa chetu chote urefu wake hakifiki kilomita 70, na mie kwa mwezi sidhani kama nitapita kilomita 800, hata msimu ukichanganya.

---

Fundi_Nozeli

Ndiyo, unaitafutia pa kwenda. Wapo wanaofanya hivyo.

Hesabu ya mafuta ifanye mwenyewe, wewe ndiye mwalimu. Kwa njia zetu za vilima, weka petroli 2.7 kilomita 8 kwa lita na dizeli 2.8 kilomita 10 au 11. Kwa kilomita 800, petroli itakula lita 100, dizeli 73 mpaka 80. Faida yako ni lita ishirini na kitu kwa mwezi. Halafu chukua bei zinazotangazwa na ZURA, wadhibiti wa bei za mafuta Zanzibar, kila mwezi uangalie: kuna miezi lita ya dizeli imekuwa juu kuliko ya petroli, na hapo hata hiyo faida inaliwa. Sasa gawa tofauti ya bei za gari zako mbili kwa faida hiyo uone itakuchukua miaka mingapi kuirudisha. Na hapo hatujatia injekta hata moja.

Kitu chengine, petroli ukiishiwa ndani huko unaipata, inauzwa kwenye chupa kwa ajili ya bodaboda.

---

Maweni_4x4

Fundi umenikata maneno, lakini mbona usimwambie atafute Prado ya dizeli ya zamani isiyo na hayo machujio na mayurea?

---

Fundi_Nozeli

Yakhe, ziko, lakini ni za zamani kweli. Japani waliacha kuuza Prado ya dizeli 2007, wakairudisha 2015. Kwa hiyo kutoka kule unapata kizee au hiyo mpya yenye chujio na yurea, ya katikati hamna. Vile vizee vyenye mashine ya 1KZ, maji yakipungua kwenye rejeta ikachemsha mara moja, hedi inapasuka. Wewe mwanamme unayeishi na boneti wazi utaiweza. Mwalimu hana nafasi hiyo, ana madaftari ya kusahihisha.

---

Dereva_wa_Pwani (Nungwi)

Naingilia kidogo. Mie nabeba wageni Unguja, gari yangu ni Suzuki Escudo ya petroli. Naikuta mizee ya dizeli imezama kwenye mchanga naipita, kwa sababu wao wamevaa tairi za lami zilizojazwa upepo wa lami. Mchangani mie nashusha upepo mpaka psi 18 au 20, nikirudi barabarani najaza. Dada, kwa udongo mwekundu wa Pemba tairi ndiyo gari. Ile tofauti ya bei itoe kidogo ununue seti nzima ya tairi zenye meno, tena mpya, usiletewe za mtumba zilizokauka.

Na bondeni kwenye maji usiingie kwa kasi, iwe petroli iwe dizeli. Maji yakivutwa kwenye njia ya hewa mashine inapinda mikono ya pistoni. Dizeli ndiyo inayoumia zaidi, maana inagandamiza kwa nguvu kubwa zaidi.

---

Mchambua_Makonyo

Nimepiga hesabu ya Fundi nikaiacha nusu, miaka ilizidi muda niliobakiwa nao kazini. Nakwenda na petroli. Shemeji nitamwambia ikishashuka bandarini.

Sasa Fundi, nikiwa naongea na muuzaji, nimuulize nini?

---

Fundi_Nozeli

Karatasi ya mnada na picha za chini ya gari, si za juu tu. Japani upande wa baridi wanamwaga chumvi barabarani na fremu zinaoza. Gari ikitoka huko ikaja kwenye chumvi yetu ya bahari, hata mashine ikiwa nzima utakuja kwangu kuchomelea. Fremu ikiwa safi, ikifika tu ipigwe dawa ya kutu chini kabla hujaipeleka Mtambwe.

Muulize kama 4L inaingia na akutumie video. Gari nyingi za kule hazijawahi kuguswa hiyo gia tangu zitoke kiwandani, na hukwama. Ikifika, iingize mara moja moja hata kama huna shida nayo, kwenye udongo au mchanga lakini, si kwenye lami kavu.

Mashine hiyo ya 2.7 ni ya cheni, haina mkanda wa kubadilisha. Oili kila kilomita 5,000. Dizeli tuachie sie wenye njaa.