Maji ya bomba Tanga na madini ya risasi, shemeji katutia hofu

Mwana_Ngamiani:
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya maji. Tunakaa Ngamiani nyumba ya babu, ya zamani sana, bomba la chuma linapita chini ya ukumbi mpaka uani. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Sasa shemeji yangu anaishi Chicago, amekuja likizo akaona tunakinga maji ya koki asubuhi tunaweka sufuriani tunachemsha chai, akapiga kelele kweli, eti kule kwao mabomba ya risasi yako karibu laki 4 na watu wanaambiwa wawe makini hasa wajawazito na watoto. Nikamwambia sisi tunachemsha bwana, tena yanatokota kabisa, akacheka. Hii ishu huku kwetu ipo au anatuletea ya Marekani? Maji yetu asubuhi yanatoka na rangi kama chai ya rangi iliyokorogwa na maji, kama dakika moja hivi, halafu yanakuwa safi.

jirani wa Raskazone:
Risasi ya bunduki au 😂

Bi Mwanaidi wa Makorora:
Wewe Raskazone acha utani, mtu ana mke mjamzito. Mwanangu mie nimekunywa maji haya tangu nasoma darasa la kwanza na nimezaa sita wote wazima, ila kweli yale ya kwanza asubuhi sinywi, namwagia mchicha.

fundi_koki:
Mkuu shemeji yako hajakosea ila kachanganya. Mimi ni fundi bomba mwaka wa 19 huu, Chumbageni, Nguvumali, Duga kote nimechimba, bomba la risasi tupu sijawahi kulikuta. Chicago ni habari nyingine, kule sheria ya jiji ndiyo ilikuwa inawalazimisha watu wafunge mabomba ya risasi mpaka mwaka 1986 Marekani ilipopiga marufuku. Huku utakuta chuma cha kupakwa zinki, PVC yaani plastiki ngumu, na siku hizi poli nyeusi, ile plastiki ya kukunja.

Hiyo rangi ya chai ni kutu, ni chuma cha bomba lako mwenyewe, maji yamelala humo usiku kucha. Kutu inaharibu kanzu na ladha ya chai lakini siyo risasi. Risasi ikiwa ndani ya maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kwa hiyo msijidanganye kwamba maji meupe ndiyo salama na ya rangi ndiyo sumu.

Ila kutokukuta bomba la risasi haina maana risasi haipo kabisa. Inaweza kujificha kwenye koki na valvu za shaba nyeupe za bei ya kutupa, kwenye viungo vilivyolehemiwa kizamani, na hata ile zinki ya mabomba ya zamani ilikuwa na risasi kidogo ndani yake. Kuna PVC nyingine pia zilitengenezwa na risasi ili zisiharibike kwa joto. Maji yakikaa humo masaa sita, nane, yanaichukua kidogo kidogo.

Mwana_Ngamiani:
Sasa kuchemsha je?

mtoto wa Pongwe (nimesomea maabara):
Kuchemsha kunaua vijidudu, kipindupindu, kuhara, taifodi, hapo endelea kuchemsha usiache hata siku moja. Kwa risasi hakusaidii, tena kunazidisha kwa sababu mvuke unaondoka ni maji, risasi inabaki sufuriani, ukichemsha lita mbili ikabaki moja na nusu umeikoleza. Na vidonge vya klorini navyo haviigusi.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita moja ya maji, na wenyewe wanasema hakuna kiasi cha risasi mwilini ambacho unaweza kusema hakina madhara. Kwa mjamzito shida ni kwamba mwili unaichukulia kama kalisiamu, inakwenda kukaa kwenye mifupa, akibeba mimba mifupa inatoa kalisiamu na risasi inatoka nayo inamfikia mtoto.

Watu wanadhani sumu inatoka mtoni. Maji yetu ya mto Zigi yanakusanywa bwawa la Mabayani yanakwenda kusafishwa Mowe, masika mto ukijaa tope unauona kabisa. Lakini risasi mara nyingi inaingia baadaye, njiani na ndani ya nyumba. Mji wa Flint kule Michigan, Marekani, mwaka 2014 walibadili chanzo cha maji wakaacha kuweka dawa ya kuzuia maji yasile mabomba, maji mapya yakaanza kuyatafuna mabomba ya zamani. Risasi ilitoka kwenye bomba, siyo mtoni.

Fanya hivi: asubuhi fungua koki maji yaende mpaka ubaridi ubadilike, hayo ya mwanzo ogea au fulia, ya kunywa na kupikia kinga baada ya hapo. Ukitaka uhakika peleka sampuli maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, unalipia. Chukua chupa mbili za lita moja, ya kwanza kinga alfajiri kabla mtu yeyote hajafungua koki hata kutawadha, ya pili baada ya kuyaacha yaende. Ya kwanza ikiwa na risasi na ya pili haina, basi ugonjwa uko ndani ya nyumba yako.

Bi Mwanaidi wa Makorora:
Kabla hata mtu hajatawadha? Hiyo nyumba yetu labda nikinge saa nane usiku.

Deep Sea Kwetu:
Mnahangaika na bomba wakati risasi yenyewe iko mikononi. Wazee wetu wavuvi wanapasua betri mbovu za gari, wanazitoa sahani za risasi, wanaziyeyusha jikoni uani wanamimina chubwi, vile vizito vya kuzamisha nyavu, na ule moshi watoto wamekaa pembeni wanaangalia. Nimefanya na mimi nikiwa dogo, nilikuwa nazing'ata zile chubwi ndogo kuzibana kwenye mshipi.

fundi_koki:
Duh hapo umesema. Hiyo inapita koki zangu zote.

Mwana_Ngamiani:
Wakuu narudi. Fundi mmoja kaja kakata kipande cha bomba pale ukumbini, la inchi moja lakini ndani limeziba kutu mpaka tundu limebaki la kupita kidole kidogo. Tunaweka poli, na ile koki ya uani tunabadilisha. Chupa mbili nimezipeleka, majibu bado.

Ila aliyoandika huyo wa Deep Sea yamenikata. Babu anayeyushia chubwi kwenye sufuria tunayochemshia mihogo. Nimeitoa, nimeificha, ananuna mpaka leo na anataka kujua nani kaiba sufuria yake.