Mrejesho: nyuzi za goti na kidevu cha kijana wangu

Wadau asanteni kwa majibu. Niliuliza kama nyuzi za goti la kijana wangu zitolewe siku moja na za kidevu, alianguka juu ya mabati huku Kayole. Nesi wa kliniki amenieleza vizuri sana, uso hupona haraka kwa hivyo za huko hutolewa siku 3 hadi 5, lakini goti linakunjwa kila saa ndo maana zinakaa siku 10 hadi 14, zikitolewa mapema kidonda kinaweza funguka tena. Za kidevu zimetoka, nimefurahi jamani! Goti tunaosha na maji na sabuni, tunakausha polepole na kitambaa safi, hakuna kuogelea. Wekundu ukisambaa, usaha ama homa, tunarudi mbio hata usiku.