Tupeane uzoefu: kupogoa nyanya na kupunguza majani zikiwa kwenye maua

Mdau wa Pongwe: Wakuu, heshima zenu. Nina nyanya za nje, si za kitalu nyumba: sehemu mbegu ya Tanya, sehemu mbegu ya Anna F1, zote zimetoa maua. Jirani yangu ananyonyoa majani mpaka shina linabaki na kilele tu, eti nguvu iende kwenye tunda. Sasa jani ukilimaliza, hilo tunda litalishwa na nani? Leteni mlichokiona shambani, si mlichoambiwa na muuza dawa.

Binti Pangani: Tanya iache. Ni fupi, ikifika kimo chake inaishia kwenye maua, ukikata machipukizi umekata mavuno. Mimi natoa majani ya chini tu yanayogusa udongo, maana mvua ikipiga, tope linarukia pale na ugonjwa wa bakajani unaanzia pale. Anna ndiyo ya kupogoa. Hiyo kurefuka haina kikomo.

Mzee wa Soni: Wanangu, sisi wa Lushoto, huku milimani, tunapunguza majani kwa sababu ya ukungu. Bakajani chelewa likiingia kwenye kichaka kilichofungamana, shamba linageuka jeusi upesi mno. Tunataka upepo upite. Nyie wa huko chini mkituiga, jua litaunguza matunda yenu.

Kijana wa Muheza: Shikamoo mzee. Hilo la kuunguza nimelishuhudia kwa mjomba. Ilikuwa Januari, kibarua akasafisha majani yote yaliyofunika vichana vya matunda. Matunda mabichi, upande unaopigwa na jua la mchana, yakatoa mabaka meupe, ngozi ikasinyaa kama karatasi, baadaye pakaota ukungu mweusi. Mnunuzi akawa anageuza moja moja, zenye baka anatupa chini. Zilizobaki mjomba alizitegeshea makuti ziwe kivulini. Watu walicheka, lakini hizo ndizo zilizojaza tenga.

Mdau wa Pongwe: Makuti! Hiyo naiba. Na machipukizi ya kwapani, yale yanayoota kati ya jani na shina, mnayatoa lini?

Mama Zuu: Likiwa halijazidi urefu wa kidole. Livunje kwa mkono, asubuhi umande ukishakauka, kidonda kikauke siku hiyo hiyo. Likishakuwa nene unaacha jeraha kubwa. Na kibarua wako kama anavuta sigara, anawe kwa sabuni kwanza; ugonjwa wa batobato huweza kutoka kwenye tumbaku ukaingia kwenye nyanya kwa vidole tu. Majani usitoe mengi kwa mkupuo, mawili matatu kwa mche yatosha, anzia chini ya kichana kilichokwisha kujaza.

Mdau wa Pongwe: Ahsante mama. Ninayoyatoa nayarundika pembeni, yawe mboji.

Binti Pangani: Weee! Umeyakagua? Yakiwa na njia nyeupe nyeupe katikati ya jani, hiyo ni kantangaze, kiwavi yumo ndani. Ukirundika pembeni anamaliza kukua, anatoka kipepeo, usiku anarudi kutaga shambani kwako. Tia kwenye mfuko, funga, anika juani siku kadhaa, au choma.

Mdau wa Pongwe: Ngoja niende na tochi sasa hivi.