MREJESHO: Mashine yangu ya kung'arisha mawe imekubali

Wakuu, mimi ndo yule wa Mikindani niliyeuliza mwezi uliopita kwa nini pipa langu la bomba la plastiki linazunguka siku nne mawe yanatoka vilevile. Mlionambia spidi ni kubwa mno mlipatia, mawe yalikuwa yananata ukutani hayaporomoki, nimebadilisha puli sasa ni kama mizunguko 45 kwa dakika, ndani nimebandika mpira wa tyubu ya gari kelele zimepungua hata mama mwenye nyumba kanyamaza 😂

Nilijaza theluthi mbili, maji yakaribie juu ya mawe, unga wa silikoni kabaidi (ule mgumu wa kusaga mawe) namba 80 wiki nzima, halafu 220, 500 (namba ikipanda unga ni laini zaidi), mwisho oksidi ya alumini ya kung'arishia. Kila hatua naosha mawe na pipa mpaka nachoka, maana chembe moja ya unga mkali ikibaki inachora. Kosa lingine nilichanganya matumbawe ya ufukweni, ambayo ni laini, na kwatzi, jiwe gumu, matumbawe yote yakawa uji, ujinga wangu. Tope la unga na mawe linalobaki kwenye pipa msimwage kwenye sinki, linaganda kama saruji. Kwatzi sasa zinang'aa hata zikiwa kavu, picha nitaweka umeme ukirudi.