Nimepewa kusoma risala ya mahafali ya Kidato cha Sita, lakini nataka kuwakumbuka watu. Nisaidieni

bint_dahalia
Assalaam alaykum wakubwa zangu na wenzangu. Mie namaliza Kidato cha Sita huku Pemba, kombi ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Mtihani wa taifa ni Mei, mahafali yetu yamewekwa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na walimu wamenichagua mie nisome risala. Nimepewa dakika kumi. Rasimu kamati keshaiandika, na ukiisoma utadhani ni barua ya kuomba vifaa: upungufu wa walimu wa sayansi, maabara, uzio, maji ya dahalia. Yote kweli, sikatai. Lakini tumeishi pamoja miaka miwili, wengine tunajuana tangu chuo cha Kurani kwa maalim, na humo hakuna jina la mtu hata mmoja isipokuwa la mgeni rasmi.

Mie nilitaka watu wasikie, kwa mfano, habari ya mwalimu wetu wa kemia. Moli, kile kipimo cha wingi wa chembe, ilitushinda darasa zima. Siku moja akaja na kikapu cha karafuu kavu na pishi, akazimwaga karafuu mezani, akauliza nani atamhesabia moja moja. Tukacheka. Akasema mnunuzi wa karafuu hahesabu, anapima. Na mkemia naye hawezi kuhesabu chembe 6.02 × 10²³, ndiyo maana anakwenda kwenye mizani. Toka siku ile moli haikutusumbua tena. Mwalimu huyo keshahamishiwa Unguja, na kwenye rasimu yupo ndani ya neno "walimu wetu wapendwa".

Halafu kuna jambo zito zaidi. Mwenzetu mmoja alifariki tukiwa Kidato cha Tano, alikuwa na selimundu, maradhi ya damu ya kurithi. Alilala kitanda cha chini yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akituamsha alfajiri, anagonga chuma cha kitanda kwa kijiko, na ukijifunika tena anakuvuta shuka huku anacheka. Mamake ana mtoto mwengine skuli hii hii, kwa hivyo siku hiyo atakuwepo. Wenzangu nusu wanataka atajwe na picha yake iwekwe mbele, nusu wanasema tutawaharibia watu furaha. Nifanyeje?

Ticha_Mstaafu
Waalaykum salaam mwanangu. Nimekaa kwenye mahafali mengi mpaka kiti kikanijua, kwa hivyo nisikilize.

Usizitupe changamoto. Mkuu wa skuli anazitaka zisomwe kwa sababu mgeni rasmi akijibu hadharani, mbele ya wazazi, ahadi inakuwa na mashahidi. Ila hakuna mgeni rasmi anayekumbuka changamoto tisa. Chagueni mbili zinazouma zaidi, zisome na idadi zake: madarasa mangapi, walimu wangapi, mabomba mangapi yanayotoa maji. Zilizobaki zichapwe kwenye nakala anayokabidhiwa. Hapo umeokoa dakika nne.

Na salamu usizirefushe. Kuna watoto wanataja vyeo kuanzia mkoa mpaka sheha, mtu wa nyuma keshaanza kusinzia. Sema itifaki imezingatiwa, upite.

Kuhusu walimu, angalia usije ukazua uhasama. Ukimtaja mmoja kwa jina na wengine ukawanyamazia, chai ya staff siku ya pili itakuwa chungu. Ama mtaje kila mmoja kwa somo lake, kwa sentensi moja, au usimtaje yeyote kwa jina bali usimulie kitendo. Hiyo ya karafuu isimulie kama ilivyo. Kila mtu ukumbini atajua ni nani, na habari zitamfika huko Unguja kabla hujashuka jukwaani.

kijana_wa_Wete
Yakhe mtajeni na muuza urojo wa getini. Nusu ya darasa wanamaliza na deni lake.

Abu_Salmin
Mie nina mawazo tofauti kidogo. Siku ya mahafali wazazi wamekuja na maua ya karatasi na kamera, watoto wana furaha mara moja tu katika miaka yote hiyo. Marehemu dua yake msikitini, au khitma mkaisoma dahalia usiku wake. Kumuweka jukwaani baina ya kasida na keki, mie sioni kama ni kumheshimu. Na picha kubwa mbele ya watu wazee wetu wengine hawaipendi kabisa. Msinielewe vibaya.

Mama_wa_Mkoani
Abu Salmin, umesema kwa adabu, na mie nitajibu kwa adabu. Lakini mie ni mama niliyefiwa na mwanangu akiwa mwanafunzi.

Wenzake walipomaliza, nilialikwa. Hakuna aliyemtaja. Nilikaa mpaka mwisho, nikapiga makofi, keki nikala. Najua walidhani wananihifadhi. Mwanangu alisoma darasa lile, viatu vyake vya skuli mie ndiye niliyevinunua, na siku ile ikawa kana kwamba hajapita pale. Kutajwa kusingeniumiza kuliko vile.

Ila pia, lau wangenishtukiza na picha yake mbele ya halaiki, ningeanguka. Kwa hivyo bint, jawabu halipo kwenye uzi huu, lipo kwake yeye. Nenda nyumbani kwao. Usimpigie simu wala usimtumie ujumbe. Nenda baada ya laasiri, wewe na mwenzio mmoja, msiende kundi zima mkaonekana mnakwenda tanzia upya. Muulizeni mambo matatu tu: atajwe au asitajwe, kwa jina lipi, na picha iwepo au isiwepo. Akisema hapana, basi ni hapana, wala msibembeleze.

Na akikubali au akikataa, kabla hamjaondoka mhadithie habari ya kijiko. Mama hajui mwanawe dahalia anaishi vipi. Mie mpaka leo nikikutana na kijana aliyesoma na mwanangu namuuliza jambo jipya.

Abu_Salmin
Mama, Allah akujaalie subra na amrehemu mwanao. Nimeelewa. Aulizwe mama.

shoga_wa_Chake
Na walioacha njiani? Kila darasa lina walioolewa Kidato cha Tano na wavulana waliokwenda dago, kambi ya uvuvi, na wazazi wao wasirudi. Hao wapo hai, wapo vijijini, na hakuna anayewapelekea hata kadi. Sisi mwaka wetu tuliwaita watatu. Mmoja alikuja na mtoto mgongoni, na ndiye aliyecheka kuliko wote. Msiwataje kwenye risala, wataona haya. Waiteni tu wakae na nyinyi kwenye viti vya wahitimu wakati wa picha.

Mzee_Lumumba
Wajukuu, enzi zetu sisi watoto wa Pemba tuliofaulu kuendelea wengi tulivuka kuja Unguja, skuli ya Lumumba, ile iliyokuwa King George VI kabla ya Mapinduzi. Tulipanda meli ya Mapinduzi na masanduku ya bati. Kumaliza skuli ilikuwa ni kutawanyika kweli, kwani simu ya nyumbani alikuwa nayo nani?

Tulikuwa na madaftari ya otografu. Kila mwenzio anakuandikia ukurasa: jina kamili, kijiji, jina la baba, na mstari wa shairi, wengine shairi la kuiba. Mie langu ninalo mpaka leo, limeliwa na mchwa pembeni. Nyinyi mna kundi la WhatsApp, na nitakwambia litakavyokwenda. Mtihani ukisha, wengine wataitwa JKT, Bulombora au Mafinga huko, matokeo yatatoka Julai, atakayekwenda chuo kikuu cha SUZA hapa Zanzibar na atakayekwenda cha Dodoma kila mtu na laini mpya. Baada ya mwaka kundi litabaki la kutakiana Idd na kuuza mitumba. Nunueni daftari moja gumu, lipite darasa zima kabla ya mtihani, kila mtu aandike kwa mkono wake, na jina la kijiji na la mzazi lisikosekane. Kijiji hakibadilishi namba.

Hapo ndipo mambo ya utani yaingie, nani alikuwa akikoroma na nani akiiba mandazi. Kwenye risala wazazi wapo.

malenga_mdogo
Mie nashauri umalizie kwa utenzi, hata beti mbili tatu, kwa sababu watu wetu nathari huisikia na ushairi huukumbuka. Jaribu hizi, badilisha upendavyo:

Mwalimu alotufunza,
asubuhi akaanza,
akatulea, katunza,
hadi jua la jioni.

Mwenzetu katangulia,
dawati katuachia,
Mola tunakulilia,
umuingize peponi.

Ubeti wa pili usisome kama mama hajaridhia. Na usiimbe kama sauti yako si ya kuimba, soma taratibu inatosha.

bint_dahalia
Nimerudi wapendwa. Nilikwenda na mwenzangu mmoja kama alivyosema Mama wa Mkoani. Picha hataki, wala risala isisimame kwa ajili yake. Ila amesema atajwe kwa jina lake la skuli pamoja na sisi sote wakati majina ya wahitimu yanaposomwa, na aitikiwe kwa dua. Habari ya kijiko tulimhadithia. Alilia, kisha akacheka, kisha akatuuliza kama kijiko chenyewe kipo. Kipo, mie ninacho. Kesho nampelekea.

Ubeti wa pili nausoma, ameuridhia. Daftari tushanunua, lipo ukurasa wa nane na mkoromaji keshajulikana. Changamoto mbili tumechagua maji na mwalimu wa fizikia. Mkuu wa skuli amenuna kidogo lakini amepitisha.

Swali la mwisho, Ticha: nikishikwa na kilio katikati?

Ticha_Mstaafu
Nyamaza, kunywa maji, endelea. Hakuna mtu ukumbini atakayekuharakisha. Mpe mwenzio nakala ya pili, akae mstari wa mbele, ukishindwa kabisa apande amalizie pale pale ulipokoma. Kwa hivyo mfanye mazoezi wote wawili. Chapeni kwa herufi kubwa na mzipe kurasa namba, upepo wa kaskazi umewahi kunichanganyia mie hotuba nzima. Umeme ukikatika usingoje jenereta, soma kwa koo lako. Na ile nakala ya mgeni rasmi itie kwenye bahasha mapema, ikae kwako mwenyewe. Ukimpa mtu wa kamati ataisahau nyumbani.