Majirani Ngamiani, Tanga: maganda ya machungwa

Mama Zuhura: Asalaam aleikum majirani. Maganda ya machungwa msitupe. Machungwa ya Muheza yamejaa sokoni, maganda yanaozea mitaroni. Nataka tutengeneze mishumaa ya kufukuzia mbu.

Baba Rama: Waaleikum salaam. Nta je?

Mama Zuhura: Vile vipande vya mishumaa vinavyobaki umeme ukirudi. Nyumba gani haina?

Mwana: Shikamoo mama. Maganda mabichi au makavu?

Mama Zuhura: Marahaba mwanangu. Makavu, tena yaanike kivulini, jua kali linamaliza harufu. Ukibinya ganda bichi si unaona yale mafuta yanaruka? Ndiyo mbu hawayapendi. Yakikauka twanga, loweka kwenye mafuta ya nazi wiki hivi, chuja. Kwenye nta tia kidogo tu, ukizidisha mshumaa haugandi vizuri.

Bibi Mwanahamisi: Zamani tukiyachoma makavu kwenye chetezo, jioni.

Shangazi Salma: Shikamoo bibi. Ule moshi kwa mwenye pumu ni mateso, bora mshumaa.

Bibi Mwanahamisi: Marahaba. Kweli.

Baba Rama: Kwenye kuyeyusha tuwe makini sana. Nta haiwekwi motoni moja kwa moja. Chemsha maji kwenye sufuria, kopo la nta likae humo ndani. Ikishika moto USIMWAGE MAJI, moto utalipuka juu. Zima jiko, funika na mfuniko.

Mwana: Ikipoa naweza kumpaka mtoto?

Shangazi Salma: Hapana mwanangu! Mishumaa ya dukani mingi ni ya mafuta ya petroli, na ina rangi na manukato. Ya kupaka watu wazima tutatafuta nta ya nyuki. Na ndimu msichanganye kabisa, ukipaka ukatoka juani ngozi inababuka.

Baba Rama: Na chandarua?

Shangazi Salma: Kipo palepale. Mshumaa ni wa barazani, harufu haifiki mbali na upepo unaipeperusha. Mbu wa malaria anauma usiku tumelala. Wa dengi anauma mchana, mnakumbuka mlipuko wa Dar 2014 na 2019. Huyo dawa yake kumwaga maji yaliyotuama kwenye matairi na makopo.

Mama Zuhura: Jumamosi baada ya alasiri, uani kwangu. Leteni vipande vya mishumaa na uzi wa pamba wa utambi.

Mwana: Nina makopo ya maziwa ya unga.

Mama Zuhura: Ya bati lete. Ya plastiki acha.